Kioo cha Juu ya Kabati

Dukani walimwita Pembeni. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alilipata kwa namna yake ya kukagua kioo cha laptopu. Watu wengine wakitaka kujua kama kioo ni kizuri hukaa mbele yake, wakakodoa macho na kusema kinang'aa. Neno hilo lilimchefua. Hata sufuria inang'aa, alikuwa akisema. Yeye alikiwasha kioo, akaweka picha yake ya kupimia, kisha akaanza kuizunguka meza taratibu: kushoto mpaka bega liguse ukuta, kulia mpaka dirishani, shingo imegeuka na jicho halibanduki kwenye kioo. Mteja aliyeingia wakati huo kwa mara ya kwanza angedhani fundi anamvizia panya.

Duka lilikuwa la laptopu zilizokwisha kutumika. Zilikuja kwa maboksi kutoka ofisi zilizonunua mpya, nyingine bado zina karatasi ya jina la idara, nyingine zina makombo ya biskuti katikati ya vitufe. Wenzake wawili walishughulika na betri na mambo ya ndani. Kioo kilikuwa cha Pembeni peke yake, mwaka wa kumi na moja sasa, na mwenye duka, mama mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, hakuiweka laptopu yoyote mbele ya mteja kabla Pembeni hajatoa neno.

Alianza na ukurasa mweupe mtupu, atafute nukta zilizokufa, zile zisizowaka. Halafu mweusi, na hapo alivuta pazia aone mwanga unavujia kona ipi. Mwisho ndiyo ile picha. Ilikuwa ya mkewe amebeba beseni la nyanya, anacheka, na nyuma yake kuna rundo la mkaa. Aliipiga mwenyewe uani, mchana, wala hakuwa na nia ya kuifanya kifaa cha kazi. Kwenye kioo kibovu mkaa ule uligeuka doa moja kubwa. Kwenye kizuri ungeweza kuuhesabu kipande kwa kipande. Lakini hakimu wake hasa alikuwa uso wa mkewe.

"Nyanya zinaweza kukudanganya," aliwaambia wateja. "Kuna nyanya za kila rangi. Ngozi ya mtu unayelala naye nyumba moja haikudanganyi."

Mkewe alijua kwamba nusu ya mji imeshamwona na beseni lake. Alilalamikia jambo moja tu, kwamba siku ile hakuwa amesuka.

Baada ya kukaguliwa, laptopu ilikwenda kwenye moja ya rafu tatu. Kioo kilichoshika rangi kushoto na kulia kilikuwa "cha familia", maana watu wanne wanaweza kukaa kwenye kochi wakatazama kitu kimoja. Kilichofifia ukisogea kidogo kilikuwa "cha mtu mmoja". Vilivyobaki vilikuwa vya spea. Siku moja mwenzake wa betri alimuuliza mbona anakagua kushoto na kulia tu, na huko chini je? Pembeni akajibu bila kuinua kichwa, "Wewe umemwona nani anatazama laptopu akiwa chini ya meza?" Wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Tuseme ukweli, alikuwa na kichwa kikubwa kidogo katika mambo ya vioo.

Basi mama mkwe wake alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji na kuletwa kukaa kwao, hakuna aliyeuliza nani atatafuta laptopu. Simu ilikuwa ndogo kwa macho yake, na kila Jumapili alasiri kitinda mimba wake alikuwa akipiga kutoka ng'ambo. Nyumbani walimwita Kitinda mpaka leo, ijapokuwa ana ndevu na miaka thelathini na miwili. Alifanya kazi kwenye ghala la barafu, la kupakia nyama, kwa mkataba wa miaka mitatu, na mama yake hakuwa amemtia machoni tangu siku alipoondoka.

Pembeni alichagua kioo kutoka rafu ya familia. Akakizunguka mara tatu badala ya mara mbili, kwa kuwa ni cha mkwe. Akakipeleka nyumbani akiwa amekipakata kama yai, akakiweka juu ya kabati la nguo la watoto, miguuni pa kitanda, ili wa kwenye kiti aone, wa mlangoni aone, na mgonjwa naye aone. Daktari alikuwa ameagiza mama alale chali, mto mwembamba, asijiinue mpaka aambiwe.

Kitinda akapiga. Sauti ikatoka safi, uso ukajaa kioo kizima.

"Unaona vizuri, mama?" Pembeni akauliza.

"Naona, mwanangu. Ahsante sana, Mungu akubariki."

Wiki nzima alitembea kifua mbele.

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile ilimfundisha kumsoma mtu usoni. Mtoto akitoka tumboni, alikuwa akisema, hakupi nafasi ya kuuliza maswali. Unatazama rangi yake, midomo, kucha, basi unajua una dakika ngapi. Wajukuu walikuwa wanamwogopa kwa sababu hiyo. Ukidanganya unaumwa tumbo ili usiende shule, alikutazama mara moja tu akasema, "Vaa viatu."

Mambo yakaanza kwenda kombo kama Jumapili ya tatu hivi. Mama akapoteza hamu ya kula. Akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Muuguzi aliyekuja kubadilisha bandeji alisema nyonga inapona vizuri kuliko alivyotegemea, na bado mama alizidi kukonda. Mkewe Pembeni alijaribu kila kitu jikoni, laini na kigumu, chenye mchuzi na kisicho na mchuzi. Usiku alimwambia mumewe, "Mfupa unapona, lakini mama yangu anaisha." Pembeni alimpenda mama mkwe wake, kwa ule upendo wa mbali kidogo ambao mtu humpenda mkwe, wa kusalimia kwa heshima na kukaa kiti kisicho karibu sana.

Jumapili ya sita, katikati ya mazungumzo ya kawaida kabisa, mama akasema, "Mwanangu, rudi nyumbani."

Kitinda akasogea karibu na kamera. "Mama, umezidiwa?"

"Mimi sijazidiwa. Wewe rudi."

"Nimebakiza miezi minane, mama."

"Nimeshasema."

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Kitinda akiondoka kabla ya miezi hiyo kwisha, nafasi yake inakwenda kwa mwingine na kibali chake cha kukaa kinakufa siku hiyo hiyo. Miaka miwili na ushei ya kubeba nyama iliyoganda ingekuwa kazi bure. Lakini mama yake hakuwahi kumwomba kitu maishani, na sasa kaomba, tena akiwa kitandani. Kitinda akajifuta uso kwa kiganja. "Sawa, mama. Nitaomba ruhusa. Jumapili ijayo nitakwambia tarehe."

Dada mtu akaanza kulia. Wakati huo huo laptopu ikaanza kupiga kelele za chaji, na Pembeni akashukuru kimoyomoyo kupata kitu cha kufanya. Plagi ilikuwa nyuma ya kitanda, imelegea. Akaingia uvunguni kwa tumbo, akaisukuma mpaka ikakaa, akajigeuza chali ili atoke. Kichwa chake kikatokeza kando ya kitanda, sambamba na mto wa mama mkwe, akainua macho juu ya kabati.

Aliyekuwa kwenye kioo hakuwa shemeji yake. Uso ulikuwa wa kijivu cheusi, mashavu yamezama ndani. Chini ya macho, palipotakiwa kuwa na kivuli, palikuwa na weupe wa chokaa. Midomo ilikuwa na rangi ya risasi. Mtu yule alikuwa anaongea kwa sauti ya Kitinda, anasema leo asubuhi kulikuwa na jua.

Pembeni hakuinuka. Alijua papo hapo kilichotokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kuna vioo vinavyoshika rangi kushoto na kulia vizuri tu, lakini ukivitazama kutoka chini vinageuza kila kitu, cheupe kinatiwa giza na kivuli kinang'aa. Alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza wa kazi. Alilijua, na hakuwahi kuinama. Alitamani sakafu ifunguke imfiche.

Simu ilipokatika na mkewe akatoka kwenda kunawa uso, mama akageuza kichwa kidogo.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Mbona umelala?"

"Mama," Pembeni akasema, bado yuko chini, "hivi ndivyo unavyomwona? Tangu siku ya kwanza?"

Mama akatazama mlango kwanza. "Na nyie mnamwona hivyo hivyo, mkanyamaza. Sikuwalaumu. Mgonjwa hapewi habari mbaya. Na yeye najua hataki kunitia wasiwasi, ndiyo maana anacheka cheka. Sauti mtu anaweza kuiremba. Nimekaa wodini miaka thelathini na mmoja. Mtu mwenye rangi ile hamalizi mwaka. Nataka afie kwangu, si kwenye barafu ya watu."

Wiki tano alikuwa amelala pale na jambo hilo peke yake, na kila Jumapili alisema anaona vizuri. Pembeni alisikia machozi yanamjia, akayazuia kwa sababu alikuwa chali na yangemwingia masikioni.

Akasimama, akamweleza. Kwamba Kitinda ni mzima, kwamba tatizo ni kioo, kwamba aliyekosea ni yeye. Mama akamsikiliza kwa adabu yote.

"Wewe ni mkwe mwema," akasema. "Unanituliza."

Akaona maneno hayasaidii. Akatoa ile picha ya mkewe na beseni, akaiweka kwenye kioo, akakiinamisha kuelekea kitandani. Uso wa mkewe ukarudi katikati, ila paji likawa jeupe na kidevu cheusi. Akakiinua kidogo, giza likapanda mpaka puani. Mama akasogeza kichwa kwenye mto, ukageuka tena.

"Ukikiinamisha anakuwa hivi, ukikiinua anakuwa vile," mama akasema. "Sasa mwanangu ni yupi?"

Pembeni akaifunga laptopu.

Usiku huo alimweleza mkewe, na mkewe akamtumia Kitinda ujumbe kwamba asitie saini chochote mpaka Jumapili. Hakueleza zaidi, maana ingekuwa hadithi ndefu, na mama asingeamini neno la mtu yeyote kati yao mpaka aone kwa macho yake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi mwenye duka alimkuta Pembeni amelala chali sakafuni, na laptopu imefunguliwa ukingoni mwa meza juu yake.

"Umelewa saa hizi?"

"Nakagua."

Alikagua rafu nzima ya familia namna hiyo, moja baada ya nyingine. Ya kwanza akaiteremsha. Ya pili akaiteremsha. Mpaka saa sita, laptopu kumi na tisa kati ya arobaini zilikuwa zimeondolewa kwenye rafu ambayo yeye mwenyewe alizipandisha, nyingine kwa mbwembwe. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakasema Pembeni sasa anaitwa Sakafuni. Mwenye duka yeye hakucheka hata kidogo, kwani alikuwa anaona bidhaa yake inashuka cheo mbele ya macho yake.

"Nieleze," akasema.

Akamweleza yote, hakuficha hata lile la kuingia uvunguni mwa kitanda cha mkwe. Alisema, "Nimemwonyesha mama wa watu maiti ya mwanawe kila Jumapili, tena kwa kujisifu." Mwenye duka akaenda nyuma, akarudi na boksi alilolikunjua, akalitandika sakafuni.

"Lalia hilo," akasema. "Sakafu ni chafu."

Laptopu aliyoipata ilikuwa mbaya kwa sura. Ilitoka ofisi ya wachoraji wa ramani za majengo, nzito, kona moja imevunjika, mgongoni imekwaruzwa kana kwamba ilikuwa inaburutwa. Lakini alipolala chini yake na kuiweka ile picha, mkewe alibaki kuwa mkewe. Akasogea kulia, kushoto, akarudi chini kabisa mpaka kidevu kikagusa kifua. Nyanya zilikuwa nyekundu, na mkaa ulihesabika. Hata kile kikovu kidogo cha mkewe juu ya nyusi, ambacho miaka yote alikuwa hakioni kwenye picha ile, kilikuwepo.

Jumapili ikafika. Pembeni akaweka laptopu juu ya kabati, kisha mbele ya mkewe na watoto akalala sakafuni kando ya kitanda.

"Wewe, na mama yangu yupo hapo," mkewe akanong'ona.

"Mwache," mama akasema kutoka kwenye mto. "Yuko kazini."

Kitinda akapiga.

Mama hakuiitikia hata salamu ya mwanawe. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, na Pembeni aliona vidole vinakamata kitambaa.

"Sogea dirishani," akasema hatimaye.

Kitinda akasogea.

"Geuka kushoto. Sasa kulia. Vuta hilo kope la chini nione ndani."

"Mama, kuna nini?"

"Vuta kope. Haya, toa ulimi."

Mtu mzima mwenye ndevu akatoa ulimi mbele ya wapwa zake, nao wakaziba midomo wasicheke. Mama aliukagua ulimi ule. Akataka kucha, akaletewa kucha, kumi zote, zimepangwa mbele ya kamera.

"Una mvi," akasema.

"Moja tu, mama."

"Tatu. Na umenenepa."

"Chakula chao kina mafuta."

"Umenenepa sana," mama akasema, na machozi yakamtiririka pande zote mbili mpaka kwenye mto. Binti yake akataka kumfuta, akamsukuma mkono. Alikuwa hataki kitu kipite mbele ya macho yake.

Kitinda alisubiri. Kisha akasema walichokuwa wanakiogopa wote. "Mama, wamenikubalia. Dada alisema nisubiri leo, ndiyo maana sijatia saini. Nikitia kesho, baada ya wiki mbili niko hapo."

Pembeni alikuwa ameshainuka, amesimama kando ya kabati, na kutoka pale aliuona uso wa mama mkwe kwa upande. Aliona taya linavyokaza, likalegea, likakaza tena. Huyo ni mwanamke aliyekuwa hajamgusa mwanawe kwa miaka miwili na miezi minne. Mbona angesema njoo tu, hakuna ambaye angemlaumu.

"Usitie," akasema.

"Lakini wewe ndiye uliyesema..."

"Nilisema. Nilikuwa nakuona vibaya. Sasa nimekuona. Maliza kazi yako, baba. Miezi minane si mingi."

Kitinda akalia kwa raha na uchungu pamoja, na kwenye kioo kile ungeweza kuhesabu machozi yake. Dada mtu akamshukuru Mungu kwa sauti. Wakaongea mambo mengine, ya majirani, ya meno ya mtoto mdogo, mpaka muda ukaisha. Mama akamuaga mara nne.

Mkewe akaenda kupasha chakula, watoto wakamfuata. Pembeni akabaki anakunja waya. Alikuwa amejiandaa kwa shukrani, na si vibaya kusema kwamba alizingoja kidogo.

"Ile ya kwanza umeipeleka wapi?" mama akauliza.

"Iko dukani, mama. Rafu ya mtu mmoja."

"Hii ni nzuri. Hata mshono wa kola yake nimeuona."

"Nashukuru, mama."

Akatazama kioo, ambacho sasa kilikuwa kimezimwa. Hakuwa na hasira, wala sauti yake haikupanda.

"Ungekawia tu kuileta, mwanangu," akasema. "Wiki mbili tu, naye angekuwa hapa."

Pembeni aliacha kukunja waya. Akavuta kile kiti kilichokuwa mbali, akakisogeza mpaka kikagusa kitanda, akakaa. Chakula kilipoletwa, mama alikula sahani nzima, polepole, macho yakiwa juu ya kabati.